Mwanamke Aliyeomba Asitumiwe Tena

Watu wakija kibandani kwangu kuulizia namna ya kusimamisha malipo, mara nyingi wanakuja na hasira. Mmoja anakatwa kila mwezi bima ambayo hakumbuki kuiomba. Mwingine alilipia king'amuzi, king'amuzi kikafa, makato yakabaki hai. Mimi ni wakala wa benki na mitandao ya simu hapa Buswelu, mwaka wa sita sasa, na hasira hizo nimezizoea kama vumbi la barabara yetu. Kwa hiyo asubuhi moja ya mwezi wa tatu, Hellen alipoegemea dirisha langu akiwa na unga mpaka kwenye kope, akaniuliza kama kuna namna ya kuzuia pesa ya benki, nilimjibu kwa mazoea tu.

"Ipo, mama Winnie. Inatoka kwenda wapi?"

"Haitoki, Bushra. Inaingia. Nataka isiingie tena."

Mashine yake ya kusaga iko ukuta wa pili na ilikuwa inanguruma, nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie. Akarudia, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Haya ninayoyaeleza ameniruhusu mwenyewe. Alisema, "Eleza, ila usiniongezee." Basi siongezi.

Hellen ni mzaliwa wa Sengerema, kwa wakulima wa mihogo. Aliolewa na Chenge, dereva wa lori la kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa Mwanza, wakajenga vyumba viwili Buswelu wakati huku bado kuna vichaka. Walipata watoto wawili, Winnie na Yeremia. Miaka minane iliyopita Chenge aliugua figo, akalazwa wiki tatu, akafariki. Mafao yake yalipotoka, ndugu za marehemu walikuja na ushauri ambao kwa Wasukuma hauhitaji maelezo: anunue ng'ombe, awapeleke nyumbani, ndugu watamwangalizia. Hellen aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapikia, akawasindikiza. Wiki iliyofuata alinunua mashine ya kukoboa na kusaga.

Hakuijua hata inavyowashwa. Alikuwa na fundi aliyekuwa akija kila wiki, na kila wiki ugonjwa wa mashine ulikuwa mpya. Hellen akaanza kumsimamia nyuma na daftari la shule la Winnie, anaandika: leo amekaza nini, amefungua kipi, mkanda ameuvuta kiasi gani. Fundi akacheka, akamwambia, "Mama, hii si kazi ya kuandika." Mwezi wa tatu mkanda ulipokatika, Hellen alifungua daftari lake, akanunua mkanda mwingine mjini, akaufunga mwenyewe. Ulimchukua siku nzima, na wateja waliokuwa wamekaa kwenye magunia walibaki hapo kuona kama ataweza. Fundi yule hakuitwa tena.

Na kuna jambo dogo linalofanya watu watoke mpaka Kisesa na kuzipita mashine nyingine tatu. Mahindi ya mteja yakiisha, Hellen anagonga kile kisanduku cha mashine kwa mkono, anagonga tena, anakung'uta mfuko, mpaka unga wa mwisho utoke. Wasagaji wengi wanauacha humo, jioni wanaukusanya na kuuza. Yeye anasema unga wa mwisho ni wa mwenye mahindi.

Turudi kwenye hiyo pesa. Mwezi wa pili baada ya mazishi, Hellen alipata meseji ya benki. Pesa imeingia, na mtumaji ni Luhende, fundi mitambo wa kiwanda kilekile, rafiki wa Chenge tangu ujana. Akampigia.

"Shemeji, kuna hela imeingia kwangu kwa jina lako."

"Ndiyo, shemeji."

"Ya nini?"

"Chenge aliniachia neno."

"Neno gani?"

"La kwetu wawili," Luhende akasema, akaaga.

Tangu hapo, kila tarehe ishirini na nane, pesa ileile. Haikuwahi kuchelewa. Hellen hakuwahi kuigusa kwa ajili ya mashine wala kwa ajili ya kula. Ilikuwa ya shule, basi. Winnie alimaliza kidato cha sita kwa hiyo, Yeremia akasoma uuguzi kwa hiyo. Na kila tarehe ishirini na nane Hellen alimpigia shemeji yake, akamwambia neno moja la Kisukuma, "Wabeja," yaani asante, naye Luhende akaitikia, akauliza hali za watoto, wakaagana. Miaka minane hivyo.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, Yeremia aliajiriwa kwenye zahanati upande wa Sengerema. Mwezi wa pili Hellen alikwenda kwenye harusi ya mtoto wa jirani, akakaa meza moja na Selina, mke wa Luhende. Katika mazungumzo Selina akasema mume wake siku hizi anashinda nyumbani.

"Yuko likizo?" Hellen akauliza.

"Likizo gani? Si alistaafu mwaka juzi."

Hellen aliweka kijiko chini. Miezi zaidi ya ishirini ya "wabeja" na "watoto hawajambo", na mzee hakuwahi kutamka kwamba amestaafu.

"Na ile hela bado inakatwa kwenye pensheni yake?"

"Inakatwa," Selina akasema. "Dada, usinifikirie vibaya. Aliniambia siku ile ya kwanza alipoanza, na mimi nilikubali. Sikuja hapa kuilalamikia."

Ndipo Hellen akaja dirishani kwangu. Nilimweleza kwamba ile ni amri aliyoiweka Luhende benki, kwamba kila tarehe fulani toa kiasi hiki upeleke kule. Benki wanaiita agizo la kudumu. Aliyeliweka ndiye mwenye uwezo wa kulifuta. Anayepokea hawezi kufunga mlango. Anaweza kuirudisha ikishaingia, au kumwomba mtumaji aache.

"Basi nitamwomba," akasema, akarudi kwenye mashine.

Jumapili baada ya ibada alikwenda Kisesa, upande wa kuelekea Bujora, ambako Luhende alijenga. Alibeba unga wa dona. Alimkuta mzee uani, amevaa ovaroli yake ya kiwandani iliyopauka, anafungua pampu ya maji ya jirani. Wakasalimiana, Selina akaleta viti, na Hellen, ambaye hajui kuzunguka, akasema lililomleta.

"Shemeji, nina ombi. Ile hela ya kila mwezi naomba uisimamishe."

Luhende akaweka spana chini. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Yeremia ameajiriwa. Watoto wamefika. Kazi uliyoianza umeimaliza, na mimi nimekuja kukushukuru kwa mdomo, si kwa simu."

"Najua ni ndogo," Luhende akasema. "Nilitaka kuiongeza, ila mwaka huu..."

"Shemeji! Sikuja kuomba iongezwe!"

Selina alicheka, akajizuia. Luhende hakucheka. Akasema neno la marehemu halifutwi na walio hai wakikaa kwenye viti. Akaokota spana na kurudi kwenye pampu, na hakuna aliyemtoa hapo mpaka Hellen alipoaga. Selina alimsindikiza hadi barabarani. "Usichoke naye," akamwambia.

Tarehe ishirini na nane pesa ikaingia. Saa mbili na nusu asubuhi Hellen alikuwa dirishani kwangu. "Irudishe yote." Nikaituma. Kabla ya saa sita ikarudi, mzee ameituma kwa wakala wa kwao Kisesa. "Irudishe tena." Nikaituma. Saa tisa hii hapa, imerudi, na safari hii imepungua, kwa sababu kila inapovuka inaacha makato njiani. Ilipotaka kuondoka mara ya tatu nikamwambia, "Mama Winnie, wewe na mzee hamli, mnaowashibisha ni mimi na benki." Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la mteja. Alipomaliza kucheka alifuta macho, kisha akampigia Luhende mbele yangu. Nilitegemea ugomvi. Hakugomba.

"Shemeji," akasema, "sitairudisha tena. Ila miaka minane sijakuuliza mara ya pili. Sasa nakuuliza. Njoo uniambie Chenge alikuachia neno gani."

Mzee akasema atakuja.

Alichukua karibu mwezi mzima. Alikuja Jumamosi ya tarehe ishirini na tano ya mwezi wa nne, yeye na Selina, amevaa koti. Hellen alizima mashine. Jumamosi ndiyo siku ya wateja wengi kuliko zote, na mashine ile haizimwi Jumamosi labda umeme ukatike. Aliwaambia waliokuwapo, "Mnisamehe, saa moja tu," wakaacha magunia yao wakaenda. Mimi nilitaka kufunga dirisha niwapishe. Hellen akasema nibaki, labda simu ya mzee itahitaji mtu. Tukakaa kwenye benchi lililo kati ya kibanda changu na mlango wake.

Luhende aliitazama mikono yake. Ni mtu mrefu, mkavu, na sauti yake ni ya chini, ilibidi tuiname.

"Hakuna neno," akasema. "Chenge hakuniambia kitu."

Hellen akazidi kuinama amsikie.

"Alipolazwa nilimtembelea mara moja. Akaniambia, rudi Jumapili, nina mambo ya kukuambia. Nikamwahidi. Jumapili ile kiwandani mtambo wa barafu ulisimama, wakaniita, nikaenda. Ningeweza kukataa, palikuwa na fundi mwingine. Lakini ile wodi, shemeji... niliogopa kumwona alivyokuwa. Nikafurahi kwamba nimeitwa kazini. Jumatatu asubuhi nikapata habari. Sijui alitaka kuniambia nini. Nikawaza, mtu mwenye mke na watoto wawili, atasema nini kingine? Nikajiandikia hilo neno mwenyewe. Nikalipeleka benki."

Selina alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Nilimwona usoni kwamba hata yeye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

Nimewahi kuona watu wakiombwa msamaha, na nimeona wanavyoufaidi ule muda, wanavyouvuta urefuke. Hellen alijibu palepale.

"Jumapili ile Chenge hakuamka, shemeji. Alilala kuanzia alfajiri. Mimi nilikuwa hapo siku nzima nimemshika mkono na hakunijua. Ungekuja ungekaa na mimi, mtu wa kuongea naye usingempata."

"Kweli?"

"Kweli. Na kama alitaka kukuachia neno, basi ulilijua bila kuambiwa. Watoto wake wamesoma. Sasa lipumzishe."

Mzee akainamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika mara mbili tatu, kimyakimya. Selina akahamia karibu naye. Mimi niliangalia barabara.

Siku nyingine, tukiwa wawili, nilimuuliza Hellen kama ile habari ya Jumapili ilikuwa kweli au ya kumtuliza mzee. Alinitazama kama nimemwambia unga wake una mchanga. "Ningemdanganya kwa habari ya kifo cha mume wangu?"

Luhende alipotulia, akatoa simu mfukoni, akasema haya, tuifute. Hapo tukagundua jambo la pili: hakujua namna. Zamani aliliweka agizo lile kwa kujaza fomu benki. Baadaye alipohamia kwenye programu ya benki ya kwenye simu, kijana mmoja wa kiwandani alimwekea kila kitu, na namba ya siri hakuwa ameitumia tangu astaafu. Alijaribu namba moja, ikakataa. Akajaribu nyingine, ikakataa. Alipotaka kuweka ya tatu nikamshika mkono. "Mzee, samahani, hapo usiguse. Ya tatu ikikosewa inajifunga." Na tarehe ilikuwa ishirini na tano. Ikabidi wasubiri Jumatatu.

Jumatatu nami nilikuwa na pesa ya kupeleka benki, tukafuatana wanne mpaka tawi la mjini. Binti wa huduma kwa wateja alichukua kitambulisho cha Luhende, akasikiliza, kisha akamtazama Hellen kwa jicho la pembeni. Akamwomba mzee wasogee pembeni wawili. Baadaye Luhende alitusimulia: binti alimuuliza kama kuna mtu anamlazimisha kubadilisha mambo ya akaunti yake, kwa sababu wazee wengi huja na ndugu wanaowasukuma.

"Nikamwambia ndiyo, nalazimishwa. Yule mama pale hataki pesa yangu."

Binti alirudi mezani anatabasamu, na kuanzia hapo alimhudumia Hellen kama mgeni rasmi. Kazi yake aliijua, nami nilijifunza. Alimwekea mzee namba mpya ya siri, yeye mwenyewe akigeuza uso wakati mzee anaiandika. Kisha akamwonyesha mahali agizo lilipo. Luhende alikuwa tayari anataka kufuta jina la Hellen kwenye orodha ya watu anaowatumia pesa. Binti akamzuia, akasema kufuta jina hakusimamishi malipo, agizo liko mahali pake na litaendelea kufanya kazi liliyotumwa. Akauliza, "Unasimamisha ya mwezi huu peke yake, au unafuta moja kwa moja? Na tufanye sasa, mzee, maana malipo ya kesho yakishaingia kwenye mstari leo jioni hatutaweza kuyatoa."

Luhende akamtazama Hellen. Hellen alikuwa anasoma tangazo la mikopo ya kilimo ukutani, kwa makini kweli, kama mtu anayetaka trekta. Nadhani alifanya makusudi. Alishasema lake, hilo lilikuwa la Luhende.

"Moja kwa moja," mzee akasema.

Akabonyeza. Simu ikamwuliza kama ana uhakika. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Hii nayo inauliza kama mchungaji siku ya ndoa," akasema, na akabonyeza ndiyo. Binti akatuonyesha pale palipoandikwa kwamba agizo limefutwa, akamwambia atunze ile meseji, na kesho asubuhi aangalie salio ahakikishe halijaguswa.

Tulipotoka nje Luhende alisimama kwenye ngazi kama aliyesahau alikoegesha kitu. Hellen akasema yeye ana njaa. Tukaenda mgahawa mmoja karibu na soko, tukaagiza ugali na sato, na hapo ndipo mabishano yalipoanza upya, maana Hellen alisema leo analipa yeye na Luhende akasema mwanamke hawezi kumlipia chakula mbele ya mkewe. Sauti zikapanda hadi mwenye mgahawa akachungulia. Selina alikuwa anachambua mifupa ya samaki wake taratibu. Alipomaliza akanawa mikono akasema, "Kunywa maji, baba. Nimelipa tangu tunakaa." Walitazamana, Hellen na yule mzee, na nilimwona Luhende akicheka kwa mara ya kwanza, cheko la mtu mrefu, linaloanzia mbali.

Kesho yake, tarehe ishirini na nane, simu ya Hellen haikulia asubuhi. Alisaga mpaka karibu saa nne. Kisha akaja dirishani kwangu, si kwa kunituma kitu, alisimama tu. Alisema inamkaa vibaya, kama siku ya kwanza Winnie alipokwenda bweni. Nikamwambia si alitaka mwenyewe? Akasema kutaka alitaka. Angetaka tena leo. Lakini pesa ile ilikuwa inamfanya kila mwezi asikie jina la Chenge likitajwa na mtu aliyempenda, na hilo hakuwa amelihesabu.

Hapo hapo simu yake ikaita. Luhende.

"Haijaingia?" akauliza. Hellen alikuwa ameweka sauti ya nje.

"Haijaingia, shemeji."

"Kwangu pia haijatoka. Nimeangalia mwenyewe. Basi nimeona nipige tu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Yeremia anasalimia."

"Chenge alikuwa anaendesha lile lori huku anaimba, unajua? Anaimba vibaya kweli. Walinzi wa getini walikuwa wanafungua geti haraka ili apite."

Hellen akacheka. Akavuta gunia tupu akakaa, akaweka simu gotini. Akasema hilo hakuwahi kulisikia, aendelee. Mteja mmoja alikuwa amefika na debe la mahindi, akalitua mlangoni na kutazama huku na huku. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri kidogo.